Kisahani na mstari wake: historia ya kufundisha watoto kurusha kwa kulenga



Juma lililopita nilipita karibu na shule moja ya kartie yetu wakati wa somo la jimnastiki. Uwanja wenyewe ni mdogo, nusu mawe ya volkano, nusu vumbi jeusi. Mwalimu alikuwa na vifuniko vitatu vya ndoo za rangi. Watoto walipanga mstari na kila mmoja alirusha kifuniko kwa nguvu zake zote. Aliyefikisha mbali alipigiwa kelele za shangwe. Kisha kifuniko kimoja kikageuka hewani, kikavuka ukuta mfupi, kikaanguka hatua chache tu kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa anapika sombe juu ya makaa.

Mama huyo alikimbia vita kutoka upande wa Masisi pamoja na watoto wake, na sasa amehifadhiwa na jamaa yake nyuma ya shule. Hakuumia. Lakini alishtuka hadi mwiko ukamtoka mkononi, na alikaa muda mrefu bila kusema neno. Mtu aliyetoka kwenye mabomu, kitu kikianguka kutoka juu, haulizi kwanza kama ni mchezo.

Mwalimu alisimamisha somo. Alivuka ukuta, akamwomba mama msamaha mbele ya wanafunzi wote, kisha akarudi uwanjani. Akachukua majivu, akachora mstari. Akaweka tairi bovu la pikipiki hatua kumi mbele ya mstari ule. Akasema: «Toka leo hatuhesabu aliyefikisha mbali. Tunahesabu aliyelenga.»

Niliondoka pale nikiwa na swali. Nani alianza kuwafundisha watoto kurusha kisahani, na tangu lini watu walianza kujali mahali kinapoangukia? Nilipotafuta jibu, niliona kwamba uamuzi wa mwalimu wetu una historia ya zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano. Naileta hapa kwa ufupi, maana inatuhusu sisi wazazi wa Katindo, na zaidi ninyi mliohama ambao watoto wenu sasa wanacheza kwenye viwanja vya watu wengine.

Kwanza, jina na kitu chenyewe

Kwetu Goma wengi husema diski, kwa sababu somo la jimnastiki lilitujia kwa Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya husema kisahani, na jina hilo linafaa. Ni kitu cha mviringo, kinene katikati na chembamba ukingoni, kama sahani mbili zilizofunikana. Katika mashindano, kisahani cha wanaume kina uzito wa kilo 2, cha wanawake kilo 1, na cha wavulana walio chini ya miaka 18 kilo 1 na nusu. Mtoto wa shule ya msingi hahitaji kubeba hata kimoja cha hivyo. Kifuniko cha ndoo kinamtosha kwa kujifunza.

Tukumbuke pia kwamba kurusha kwa kulenga si jambo geni kwetu. Mtoto wa shambani, awe wa Rutshuru au wa Masisi, hujua kufukuza ndege kwenye mtama kwa jiwe. Anajua kuangusha avokado moja bila kuvunja tawi lote. Hakuna mwalimu aliyemwandikia ubaoni. Alijifunza kwa macho na kwa njaa. Kilichokuja na shule ni kisahani chenyewe pamoja na kanuni zake.

Wagiriki na hofu ya kisahani

Kisahani kilikuwa mchezo wa Wagiriki wa kale. Huko Olympia kilikuwa kimoja kati ya michezo mitano ambayo mtu mmoja alishindana yote: kukimbia, kuruka, kurusha mkuki, kurusha kisahani na kushindana mieleka. Vya kwanza vilikuwa vya mawe, baadaye vikawa vya shaba na chuma. Vile vilivyochimbuliwa na wataalamu vinatofautiana sana kwa uzito na ukubwa.

Karibu mwaka 450 kabla ya Yesu, mchongaji mmoja aliyeitwa Myron alitengeneza sanamu ya kijana anayejiandaa kurusha: magoti yamekunjwa, mgongo umepinda, mkono wa kuume uko nyuma na kisahani kiko juu. Sanamu yake ya shaba ilipotea. Tunaijua kwa sababu Warumi walichonga nakala zake kwa mawe ya marumaru, na moja ya nakala hizo ilipatikana mjini Roma mwaka 1781. Mwalimu yeyote wa jimnastiki aliyesoma kwenye vitabu vya Kizungu ameiona picha yake.

Lakini sanamu inaonyesha uzuri wa mwili tu. Hofu ya kisahani tunaikuta kwenye hadithi za Wagiriki wenyewe. Ya kwanza ni ya kijana Hyakinthos, aliyependwa na mungu wao Apollo. Walikuwa wanacheza pamoja. Apollo alirusha kisahani juu sana, na kijana, kwa furaha ya kutaka zamu yake, alikimbia kukiokota kabla hakijatulia. Kisahani kiligonga ardhi ngumu, kikaruka tena, kikampiga usoni, akafa. Hadithi ya pili ni ya Perseus. Alikuwa anashindana katika mji wa Larissa, na kisahani chake kilimwendea mzee mmoja kati ya watazamaji, kikamuua. Mzee huyo alikuwa Akrisios, babu yake mwenyewe.

Katika hadithi zote mbili hakuna aliyekusudia kuua. Mmoja alirusha vizuri lakini rafiki yake hakungoja. Mwingine alirusha bila kujua nani amekaa wapi. Watu wa zamani walijua kwamba kisahani kikishatoka mkononi hakirudi tena kwa kuitwa. Makosa hayo mawili ndiyo yale yale ambayo mwalimu wa leo anapambana nayo kila anapotoa kisahani mbele ya watoto arobaini au hamsini.

Athens 1896: mwanafunzi aliyekosea uzito

Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa mjini Athens mwaka 1896, kisahani kilirudi uwanjani. Wagiriki walikihesabu kuwa mchezo wao wa urithi. Mshindi, hata hivyo, alitoka mbali: Robert Garrett, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Princeton huko Marekani.

Garrett alikuwa hajawahi kuona kisahani cha kweli. Alisoma maelezo ya zamani, akatengenezewa kimoja cha chuma kizito kupita kiasi, akajaribu, akakata tamaa. Alipofika Athens aligundua kwamba kisahani cha mashindano ni chepesi kuliko kile alichokiacha nyumbani, akaingia kushindana. Majaribio yake ya kwanza yalikwenda vibaya, watu wakamcheka. Jaribio la mwisho lilinyooka na kufika mita 29.15. Akampita Mgiriki Panagiotis Paraskevopoulos kwa karibu sentimita 20 tu.

Nakumbusha habari hii kwa sababu ya watoto wetu wanaodhani hawawezi. Garrett alishindwa alipokuwa na kitu kizito kisichomfaa. Alipopata kinachomfaa mkono wake, mwili ulielewa.

Wanawake walingoja hadi mwaka 1928. Katika Olimpiki za Amsterdam, Halina Konopacka wa Poland alirusha mita 39.62, akavunja rekodi ya dunia na kuipa nchi yake medali yake ya kwanza ya dhahabu. Na wazazi wanaosema kwamba kurusha ni kazi ya wavulana wamtazame Chioma Onyekwere wa Nigeria, aliyepata dhahabu ya kisahani katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham mwaka 2022.

Mpaka unaoamua

Mchezo ulivyokua, kanuni ziliongezeka, na kubwa kati ya hizo zilihusu usalama wa watu. Leo anayerusha husimama ndani ya duara lenye upana wa mita 2 na nusu. Nyuma yake na kando yake kuna wavu mrefu, ili kisahani kikimtoka vibaya kisiwafikie watazamaji. Mbele yake kumechorwa mistari miwili inayofunguka kama pembe ya kipande cha keki, nyuzi 34.92. Kabla ya mwaka 2003 pembe hiyo ilikuwa nyuzi 40. Viongozi wa riadha waliipunguza.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mykolas Alekna wa Lithuania ndiye mwenye rekodi ya wanaume, mita 75.56, aliyoiweka Aprili 2025 huko Marekani. Kama kisahani kile kingeanguka sentimita moja nje ya mstari, kisingehesabiwa kabisa. Mita sabini na tano zingekuwa sifuri. Hata mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani, kanuni inamuuliza kwanza: kimeangukia wapi? Umbali unapimwa baadaye.

Basi mwalimu wetu wa Katindo, na majivu yake, hakuwa anapunguza mchezo ili uwafae watoto maskini. Alikuwa anawafundisha kanuni ya kwanza ya mchezo wenyewe.

Jinsi kurusha kulivyoingia shuleni

Shule za Ulaya hazikuanza na kisahani. Huko Sweden, mtu aliyeitwa Per Henrik Ling alifungua chuo cha jimnastiki mjini Stockholm mwaka 1813. Mazoezi yake yalikuwa ya kusimama kwenye mistari na kunyoosha mikono na miguu kwa amri. Mtindo huo ulisambaa nchi nyingi, Ubelgiji ikiwemo. Mwaka 1908 chuo kikuu cha Gent nchini Ubelgiji kilianza kutoa masomo ya juu ya elimu ya viungo. Kwa njia ya Wabelgiji, walimu wao na wamisionari wao, jimnastiki ya amri na mistari ilifika Kongo. Wazee wetu waliosoma wakati wa ukoloni bado wanakumbuka kuhesabu kwa Kifaransa huku mikono iko juu.

Kinshasa, ambayo wakati ule iliitwa Léopoldville, padri Raphaël de la Kethulle alijenga shule na viwanja, na watu walimwita Tata Raphaël. Uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 unabeba jina lake hadi leo. Ndipo Muhammad Ali na George Foreman walipopigana tarehe 30 Oktoba 1974.

Mtu mwingine aliyebadilisha jimnastiki ya shule ni Mfaransa Georges Hébert, afisa wa jeshi la majini. Hébert alisema mtoto afundishwe mambo ambayo mwanadamu huyafanya kweli: kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa, kupanda, kusimama bila kuyumba, kurusha, kubeba, kujilinda na kuogelea. Kurusha, basi, kukawa kati ya mambo kumi ya msingi. Kwake nguvu zisizomsaidia mwingine hazikuwa na maana.

Wanaosimulia maisha yake husema fikra hiyo alitoka nayo Martinique. Tarehe 8 Mei 1902 volkano ya Pelée ililipuka na kuuangamiza mji wa Saint-Pierre. Hébert alikuwa huko na meli yake, na husimuliwa kwamba alishiriki kuwaokoa watu mamia kadhaa. Aliona nani anaweza kubeba mzee, nani anaweza kuruka ukuta, nani ana mwili mzuri usiojua kufanya lolote. Sisi watu wa Goma hatuhitaji kuelezwa hayo kwa maneno mengi.

Uwanja wetu ni wa mawe

Nyiragongo ililipuka mwaka 1977. Ikalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu kwa mamia ya maelfu wakavuka kwenda Gisenyi. Ikarudia tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye viongozi wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, watu wakaenda Sake, Gisenyi na Bukavu. Katikati ya hayo, Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia kwetu kwa siku chache tu, karibu milioni moja, na kipindupindu kikawafuata. Tangu hapo vita vya mkoa wetu havijawahi kuacha kutuletea watu.

Historia hiyo ndiyo iliyotengeneza viwanja vya shule zetu. Chini ni jiwe lililokuwa moto. Juu yake kuna madarasa yaliyojengwa kwa mbao na mabati, kwa kuwa jengo la matofali ni ghali. Kando yake, kila vita vinapokuja, kuna familia zinazolala darasani au kujibanza kwenye ukuta. Nafasi ya kurusha mita thelathini haipo. Anayetaka kufundisha umbali Katindo atampiga mtu tu.

Lakini nafasi ya kulenga ipo. Hatua kumi zinatosha. Na hapa dunia imetusaidia kwa njia ambayo haikukusudia. Huko Bridgeport, Marekani, kulikuwa na kampuni ya kuoka mikate ya matunda iliyoitwa Frisbie. Vijana walirushiana sahani zake za bati zilizobaki tupu. Baadaye Walter Frederick Morrison akabuni kisahani cha plastiki, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kukiuza. Ed Headrick wa kampuni hiyo akakiboresha kisiyumbe hewani. Ni huyo Headrick ambaye mwaka 1975 alipanga huko California uwanja wa kurusha visahani kwenye shabaha moja baada ya nyingine, kwa kuhesabu majaribio machache zaidi. Hapo aliyelenga vizuri humshinda mwenye nguvu.

Na kuna mchezo mwingine wa kisahani cha plastiki, ulioanzishwa na wanafunzi wa sekondari ya Columbia huko New Jersey mwaka 1968. Timu mbili hupasiana kisahani hadi mwisho wa uwanja, na kwa kawaida hakuna mwamuzi. Mchezaji akigongwa, wanaohusika husimama na kuelewana wenyewe, kisha mchezo huendelea. Fikiria darasa la Goma ambamo mtoto wa Katindo, wa Kitshanga na wa Sake wanapaswa kumaliza ugomvi wao wenyewe kwa maneno, kila baada ya dakika tatu. Mimi ningelipa kuangalia.

Namna ya kufundisha

Nimeongea na walimu wawili wa jimnastiki na kulinganisha maneno yao na yale yaliyoandikwa na wataalamu. Haya ndiyo wanayokubaliana.

Kwanza ni kushika. Kisahani cha riadha hakibanwi kwenye ngumi. Vidole vinatandazwa, na viungo vya mwisho vya vidole vinne vinashika ukingo, kidole gumba kikilala juu. Mtoto aachie mkono uning'inie na ausukume mbele na nyuma hadi aone kwamba mwendo wenyewe ndio unaokishikilia.

Pili ni kuachia. Kisahani kinatoka mwisho kwenye kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho kinachokizungusha. Kisipozunguka kitayumba kama jani. Ili kujifunza hilo, usianze hewani. Wapange watoto wawili wawili, na kila mmoja amviringishie mwenzake kisahani ardhini kama ringi ya baiskeli. Kikienda wima na kunyooka, kidole kimefanya kazi yake.

Tatu ni miguu. Mtoto asimame ubavu kwa shabaha, uzito uwe kwenye mguu wa nyuma, ageuze nyonga kwanza, kifua kifuate, mkono uje mwisho. Kuzunguka kama wanavyofanya wakubwa kungoje miaka. Kwa mwenye kutumia mkono wa kuume, akiachia mapema kisahani kitakwenda kuume, akichelewa kitakwenda kushoto. Mwalimu akijua hilo, anajua pa kusahihisha na pia anajua watu wasisimame wapi. Mwenye kutumia mkono wa kushoto awekwe mwisho wa mstari upande wa kushoto.

Nne ni shabaha, na hapa utafiti unatupa jambo la kushangaza. Mwaka 1978 Kerr na Booth waliwafundisha watoto wa miaka minane kutupa mifuko midogo kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa umbali wa futi 3 tu. Kundi lingine lilifanya kwa futi 2 na futi 4, bila kugusa 3. Walipopimwa wote kwa futi 3, kundi la pili ndilo lililokosea kidogo zaidi. Kwa hiyo tairi lisikae mahali pamoja. Lisogezwe hatua sita, hatua kumi, hatua nane. Mtoto anayebadilishiwa umbali hujifunza kupima kwa macho. Watafiti wengine, kama Gabriele Wulf, wameonyesha kwamba anayejifunza hufanya vizuri zaidi akifikiria pale kitu kinapokwenda kuliko akifikiria mkono wake. Mwalimu aseme «angalia tairi» mara nyingi kuliko «nyoosha kiwiko».

Tano ni mstari. Wote wakae nyuma yake. Mmoja anarusha kwa amri. Kabla ya kurusha anaangalia mbele na kusema kwa sauti kwamba hakuna mtu. Visahani vikishatulia vyote, wanakwenda kuviokota pamoja kwa amri. Hakuna kumrushia mwenzako ili kufupisha kazi, ni kukibeba mkononi. Hyakinthos alikufa kwa kukosa kanuni hii.

Na vifaa? Kifuniko cha ndoo, duara lililokatwa kwenye tairi bovu, pete ya kitambaa kilichojazwa mchanga. Fundi wa chukudu anayechonga magurudumu ya mbao anaweza kumkatia mwalimu vipande viwili vyepesi vya mviringo na kuvipiga msasa ukingoni. Tusijione wanyonge kwa hilo. Mkenya Julius Yego alijifunza mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti, maana kwao kulikuwa na makocha wa mbio kuliko wa kurusha. Mwaka 2015 huko Beijing alirusha mita 92.72, akawa bingwa wa dunia.

Kile kisichorushwa kamwe

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito.

Mapigano ya mwishoni mwa Januari 2025 yaliacha mabaki ya mabomu hata ndani ya mitaa tunayokaa. Mengine ni ya mviringo, mengine yanang'aa, mengine yanafanana na kopo. Mtoto aliyefundishwa kwamba kila kitu cha mviringo ni cha kurusha yuko hatarini. Mtoto aliyekaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala au Rusayo amezoea kuokota vitu ili avichezee, kwa kuwa hana vingine.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kisahani Goma ana kanuni moja ambayo Ulaya hawaiandiki kwenye vitabu vya jimnastiki: kisahani kinatoka mkononi mwa mwalimu tu. Kilichookotwa hakirushwi, hakipigwi teke, hakigongwi kwa jiwe. Ukikiona, usikiguse. Rudi kwa njia ile ile uliyojia, wazuie wenzako, mwite mtu mzima. Watoto walirudie hilo kwa sauti kila mwanzo wa somo, kama wanavyorudia hesabu za kuzidisha. Somo la kulenga ndipo mahali pake, kwa sababu tayari wanajifunza kutazama kabla ya mkono kufanya lolote.

Wazazi, na hasa ninyi mliokimbia makwenu: shule ikiwakubalia watoto wenu, msiwaondoe kwenye saa ya jimnastiki ili wakachote maji. Najua foleni ya bido ni ndefu. Lakini saa hiyo ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtoto aliyezoea kukimbia vitu vinavyoanguka anapewa nafasi ya kuamua yeye mwenyewe kitu kiangukie wapi.

Jana nilirudi pale shuleni. Mstari wa majivu ulikuwa umechorwa upya, na tairi lilikuwa limegeuzwa upande wa ukuta wa darasa, mbali na makaa ya yule mama. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya bido lake, akitazama. Mtoto wake wa pili, msichana wa darasa la nne, alisimama kwenye mstari, akaangalia mbele, akasema kwa sauti: «Hakuna mtu.» Kifuniko kilitoka kikizunguka, kikapiga ukingo wa tairi, kikaingia ndani.

Mama alicheka. Kisha akamwambia: «Rudia, tuone kama si bahati.»